Mkwe Wangu Aliyefunga Milango ya Magari

Kwetu mtu hagombani na mkwe wake. Unaweza kumkasirikia ndugu, jirani, hata mchungaji, na yakaisha kabla jua halijazama. Lakini baba aliyemzaa mume wa binti yako unamsalimu kwa heshima, unampa kiti chenye mto, na kama ana neno baya unalimeza. Nilifundishwa hivyo Kiriba nilikozaliwa, nikaolewa Butiama nikakuta ni hivyo hivyo. Ndiyo maana siku niliyompandishia sauti mkwe wangu Mwingereza, sahani za nyama ya mbuzi zikiwa bado mezani, watu wa nyumba yangu walinitazama kama mtu aliyevua nguo sokoni.

Sijutii. Ningejuta kama ningenyamaza.

Binti yetu wa mwisho anaishi Uingereza. Alikwenda kusoma, akapata kazi ya kulea wazee, akaolewa na kijana wa huko, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha magari. Mama wa kijana alishafariki. Baba yake, mzee mrefu mwenye magoti mabovu, alisema lazima awaone wazazi wa mkwe wake kabla hajafa. Akaja na binti yetu mwezi wa sita, mvua zilipokwisha na barabara ya kuja kwetu ikawa inapitika. Tulimpenda tangu siku ya kwanza. Alikula ugali wa muhogo na sato bila kuuliza kijiko. Akiamka anatafuta fagio afagie uwanja, mpaka mume wangu akamnyang'anya, kwa sababu majirani wangesema tunamtumikisha mkwe.

Siku ya tatu au ya nne alizunguka nyuma ya nyumba, akaona gari.

Hapo inabidi nieleze hilo gari. Mimi nilikuwa nesi na mkunga katika kituo cha afya cha kanisa, kule kwenye rasi, upande wa Kiriba. Mume wangu alikuwa dereva wa kituo, ndiko tulikokutana. Gari la wagonjwa lilikuwa la Mwingereza, na wakati ule hilo halikuwa jambo la kutaja. Ukisema gari la ofisi umesema la Mwingereza. Bwana mifugo akienda Mugeta kuchanja ng'ombe, gari la Mwingereza. Mkaguzi wa shule, mapadri, watu wa pamba Bunda, wote hilo hilo. Tukiwa watoto tulijua mlio wake kabla halijavuka kilima, tukakimbilia barabarani. Hatukujua kwamba kuna watu wengine duniani wanaotengeneza magari. Nalisema hili kwa sababu watu husahau: Mwingereza hakuhitaji kututafuta. Tulikuwa wake tayari. Madereva wetu walijifunzia kwake, mafundi wetu walijifunzia kwake, hata matusi ya gereji yalikuwa ya Kiingereza.

Na gari lile lilituchosha. Vumbi liliingia kwenye milango hata ukiifunga vipi. Nilikuwa nafika na mgonjwa Musoma wote wawili tumekuwa wekundu kama matofali. Mafuta ya injini yalidondoka kila liliposimama. Mume wangu aliweka sinia chini yake, akayachuja, akayarudisha. Lakini hayo tuliyavumilia. Lililotushinda ni hafushafti, kile chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye tairi la nyuma. Kilikuwa kinakatika. Ukikanyaga mafuta kwenye tope kwa nguvu kidogo tu, unasikia "ka!" kama mfupa, na hapo safari imekwisha.

Mume wangu alijua kukibadilisha. Tatizo lilikuwa kukipata. Najua, nchi haikuwa na fedha za kigeni miaka ile, tulipanga foleni ya sabuni na ya sukari, sitasingizia. Lakini cha kwetu kilikuwa kimelipiwa hukohuko Uingereza na waumini marafiki wa kanisa letu. Kikaagizwa. Tukangoja. Wakajibu kwamba wafanyakazi wamegoma. Tukangoja tena. Mwisho likaja boksi zuri, chuma kimepakwa grisi na kufungwa kwa karatasi ya nta, na mume wangu alipokipima, kilikuwa cha gari la aina nyingine. Nakumbuka alikishika mikononi muda mrefu. Yeye si mtu wa kusema. Akaunga kile kilichokatika kwa fundi wa kuchomelea pale Musoma, tukaendelea na kiraka.

Masika yake, asubuhi, walimleta kituoni mwanamke wa uzazi wa kwanza, mke wa mvuvi. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, mkono umetangulia. Hilo haliwezi kumalizwa kituoni, anahitaji upasuaji. Tukamlaza kwenye gari, mimi nikapiga magoti pembeni yake, mama mkwe wake akashika kichwa, tukaondoka. Tulikuwa tumevuka mbuga ya kwanza. Kwenye ya pili, ule udongo mweusi unaonata kama ugali mbichi, nikaisikia ile "ka!"

Mume wangu akaweka gia ya mbele, ile inayofanya tairi za mbele nazo zivute. Tairi za mbele zikazunguka, zikachimba, gari likakaa chini kama ng'ombe aliyekataa. Akashuka. Akakata matawi, akayatandika, akajaribu tena. Watu wakatoka mashambani wakasukuma. Yule mama alikuwa analia taratibu, ananiambia, "Nesi, twende. Nesi, kwa nini hatuendi?" Nilimwambia tunakwenda sasa hivi. Nilikuwa nimeshika tumbo lake, na nilihisi mtoto anacheza. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa anacheza.

Mwisho wanaume walimbeba kwa kitanda hadi barabara kubwa, na pale ikapita pikapu ya mchuuzi wa samaki, ya Mjapani, ndogo, chafu, inanuka, wala haikuwa na gia ya mbele. Ikatufikisha. Daktari alimwokoa mama. Mtoto alikuwa ameshakufa. Alikuwa wa kiume, mzima kila kiungo.

Kanisa nalo baadaye likanunua la Mjapani, kama ofisi zote zilivyofanya, moja baada ya nyingine, bila tangazo. Lile la zamani likauzwa kwa mnada, na mume wangu, sijui alipatwa na nini, akalinunua. Akalivuta mpaka kwao Butiama, akalijengea banda la mabati. Alisema atalitengeneza. Kuku wangu wakaanza kutagia kwenye kiti cha abiria. Nimeishi nalo miaka hiyo yote, na sijawahi kuligusa ila kwa kuokota mayai.

Sasa mkwe akalikuta. Nilikuwa nachambua mchele nikasikia sauti, nikadhani kaumwa na nyoka. Nikakimbia. Nikamkuta ameweka viganja viwili juu ya boneti, analia. Mzee mzima, mabega yanatikisika. Binti yetu akaja akamshika. Akaniambia, "Mama, haya ndiyo magari aliyokuwa anatengeneza. Aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na mitano."

"Ulikuwa unatengeneza nini humu?" nikamuuliza. Kiingereza nakijua, unesi tulisomea kwa Kiingereza.

"Milango," akasema, akipangusa macho. "Mimi nilikuwa nafunga milango."

Nilipomfasiria mume wangu, alicheka, kitu adimu. "Mwambie basi ndiye yeye aliyetulisha vumbi!" Mkwe naye akacheka huku analia. Wakashikana mikono kama watu waliopigana vita moja. Kuanzia hapo wazee hawa wawili hawakuachana. Wakawa wanashinda kwenye banda, mmoja hajui Kiswahili, mwingine hajui Kiingereza, wanaelewana kwa vidole na spana. Kuku wangu walihamishwa.

Jumapili tukachinja mbuzi. Tulikula vizuri. Baada ya kula, mume wangu akamwomba binti yetu amuulizie baba mkwe jambo moja, la kifundi tu, hakuwa na nia mbaya. "Muulize, hizi hafushafti zilikuwaga zinakatika kwa nini? Mimi nilikuwaga nadhani kosa ni langu."

Binti akauliza. Mkwe akatikisa kichwa, akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayekumbuka ujana.

"Oo, zile! Kila mtu alijua. Zilikuwa nyembamba. Tulikuwa tunataniana kuhusu zile kwenye chumba cha chai. Kulikuwa na mchoro wa nene zaidi, ulikaa ofisini miaka na miaka."

Nikaweka glasi chini. "Mlijua?"

"Kila mtu."

"Na kwa nini hawakutengeneza hiyo nene?"

Akainua mabega. "Ingebidi kubadilisha mashine. Mabwana wakubwa walisema hakuna haja, magari yanauzwa yote. Walisema watu wa Afrika watanunua tu, watanunua nini kingine?"

Hakulisema kwa dharau. Alilisema kama mtu anayesimulia ujinga wa bosi wake wa zamani, akitegemea nicheke naye. Hilo ndilo lililoniumiza. Nilisimama. Nilimwambia, na sauti yangu niliisikia ikipanda peke yake, kwamba mimi nilikuwa ndani ya gari lile. Nilimwambia juu ya mbuga, na mkono uliotangulia, na yule mama akiniuliza kwa nini hatuendi. Nilimwambia kuwa wao wakiwa wanataniana kwenye chumba cha chai mimi nilikuwa nimeshika mtoto aliye hai tumboni, na nikamshika mpaka akaacha kucheza.

"Mama!" binti yangu akasema. "Mama, huyu ni mkwe wako!"

"Namjua ni nani."

"Tafadhali, Mama. Yeye alikuwa anafunga milango tu."

"Kila mtu kule alikuwa anafunga milango tu," nikasema. "Nani basi alikuwa anatengeneza gari?"

Mume wangu aliniambia kwa Kizanaki nikae. Sikukaa. Nikaingia jikoni, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeoshwa. Binti yetu alikuja akalia, akaniambia nimemwaibisha, kwamba mzee ameuza pikipiki yake apate nauli ya kuja kutuona. Niliumia kwa hilo. Lakini hasira haikupungua. Iliongezeka, maana sasa ilikuwa haina pa kukaa. Ningependa awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi.

Asubuhi yake alinifuata jikoni kwa nje, nikiwa napuliza moto. Akakaa kwenye gogo, kwa shida, kwa sababu ya magoti. Akaniuliza kama yule mama yuko hai.

"Yuko hai. Ana wajukuu. Anauza dagaa."

"Nipeleke nikamwone. Nataka kumwomba radhi."

"Hapana," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukifika utalia, naye ni mtu mwenye heshima, ataanza kukubembeleza. Atakuchinjia kuku. Sitaki akuchinjie kuku."

Kisha akaanza kuongea, akiangalia moto. Aliniambia kwamba yeye pia ana hasira, na watu hawamwulizi. Kiwandani mabwana wakubwa walikuwa na chumba chao cha kulia na mlango wao wa kuingilia. Katika maisha yake yote pale hakuna hata mmoja aliyemuuliza mlango unapitisha vumbi au la. Mashine nyingine zilikuwa za tangu vita vikuu vya pili. Wao wafanyakazi nao waligoma kwa kila kitu. "Tuligoma kwa ajili ya dakika za chai," akasema. "Nilipiga kura nikanyoosha mkono. Wakati huo Wajapani walikuwa wanatuma watu wao kulala vijijini kwenu, kuangalia gari linakatikia wapi. Sisi tuliwacheka. Tulisema vile ni vibati vya kuchezea."

"Vibati vile vilimfikisha yule mama," nikasema.

"Najua. Umeniambia."

Kiwanda kilifungwa. Akaniambia siku ya mwisho walipewa mkono na mtu ambaye hawakumjua jina. Sasa pale pamejengwa nyumba za kuuza, na mitaa yake imepewa majina ya magari yaliyokuwa yanatengenezwa hapo. Anapita kwenye mtaa wenye jina la gari aliloliwekea milango, anakwenda kununua mkate. "Walituambia ni kosa letu," akasema. "Magazeti yalituita wavivu. Mabwana wakubwa walipewa pensheni nono wakaenda kucheza gofu."

Nilimsikiliza. Nilimpa chai. Nilimwambia pole, na nilimaanisha. Lakini moyoni nilikuwa nafikiri hivi, na bado nafikiri: yeye alinyang'anywa kitu chake. Sisi hatukuwa hata kwenye hesabu. Wao walipoteza soko; ni neno la kwenye magazeti. Soko lenyewe lilikuwa ni sisi. Tulikuwa tumesimama barabarani na fedha ya waumini mkononi, tunasema tuleteeni chuma kinene kidogo, na mtu mmoja akiwa na mchoro kwenye droo akaona tunaweza kungoja.

Siku ya kuondoka tulimsindikiza yeye na binti yetu hadi Bunda wapate basi la Mwanza. Tulifika mapema, tukakaa kwenye mgahawa unaotazama barabara. Zilikuwa zinapita bajaji za Mhindi, pikipiki za Mhindi na za Mchina, malori ya Mchina yamebeba simenti, na magari ya Mjapani mengi kama siafu, mengine makuukuu kuliko binti yangu, yanatoka Guta na magunia. Mkwe alikuwa anatazama tu. Chai yake ikapoa.

"Hamna hata moja," akasema mwishoni.

"Hata moja nini?"

"La kwetu."

Binti yangu akanitazama, ananiomba kwa macho. Nikanywa chai yangu. Basi likaja, mkwe akanikumbatia, jambo ambalo kwetu mkwe hafanyi, na abiria wote dirishani wakaona. Nikamwambia afike salama, atunze magoti. Siku hizi anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada, tunasalimiana vizuri, ananiuliza mvua, namuuliza baridi. Nilidhani yale mengine yamekwisha.

Mwaka huu, katikati ya Kwaresima, akapiga siku isiyo ya Jumapili. Nikaogopa kuna msiba. Akasema hapana, ila ana jambo limemkaa kooni. Kule kwao kuna chama cha wazee wapenda magari hayo. Wanayang'arisha, wanayaleta uwanjani, wanakunywa chai, wanasema hayatatokea tena magari kama yale. Walimwomba asimame aeleze safari yake ya Afrika, na picha walizoziona za banda letu ziliwafurahisha. Akasimama. Akawaeleza juu ya yule mama, na mchoro wa kwenye droo.

"Wakasemaje?" nikauliza.

"Mmoja alikuwa meneja wangu wa zamani. Alisema gari halikuwa na kosa. Alisema huko Afrika madereva hawakujua kuyatunza."

"Na wengine?"

"Walipiga makofi."

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anamenya viazi. Aliona uso wangu. "Kasema nini?" Nikamwambia. Nilimwambia neno kwa neno, pamoja na makofi.

Nimeishi na mwanaume huyu tangu ujana na sijawahi kumsikia akipaza sauti, hata siku ile kwenye tope. Alisimama, viazi vikamwagika, akaninyang'anya simu. Akaongea kwa Kiswahili na mtu asiyejua Kiswahili.

"Mimi nilikuwaga nalipaka grisi kila Jumamosi! Kila Jumamosi, mkwe! Watoto wangu walikuwaga wanajua Jumamosi baba hayupo, yuko chini ya gari. Mafuta yao yaliyokuwa yanavuja niliyachuja kwa kitambaa cha mke wangu. Wameleta spea siyo, nikaunga. Imekatika, nikaunga tena. Miaka yote hii nililala nikidhani yule mtoto nilimuua mimi, kwamba nilikanyaga mafuta vibaya! Nani hakujua kutunza? Nani?"

Akasimama kupumua. Kisha akanirudishia simu.

"Mfasirie," akasema. "Yote. Usipunguze."

Nikafasiri yote. Halafu mkwe akaniomba nirudie polepole, kwa sababu anatafuta kalamu, mkutano wao mwingine ni mwezi ujao, na meneja huwa anakaa mstari wa mbele.